Makoa bustanini, kuku uani: kudhibiti bila sumu kuishia kwa kuku

Mwenye bustani iliyoshambuliwa na makoa huambiwa mara nyingi kitu kimoja tu: fungulia kuku, watamaliza kazi. Ushauri huo una ukweli nusu. Koa, yaani konokono asiye na gamba, hutoka mafichoni giza likiingia na hurudi kujificha kabla jua halijawa kali. Kuku naye hupanda kichanjani magharibi, na gizani haoni karibu chochote. Wanaishi ua mmoja kwa zamu tofauti. Hukutana kidogo alfajiri na jioni, au siku za manyunyu koa anapotembea mchana. Kwa hiyo mtu anaweza kufuga kuku kumi na bado kila asubuhi akakuta miche ya saladi imetafunwa hadi shinani.

Faida ya kuku iko kwenye kuchakura. Miguu yake hufunua makoa wachanga waliojificha chini ya majani makavu, pamoja na mayai yao. Mayai hayo ni vidonge vya mviringo vinavyopitisha nuru, kipenyo milimita 2 hadi 3, yaliyotagwa kwa mafungu chini ya mabonge ya udongo, mbao na mawe. Fungu moja linaweza kuwa na mayai kumi au hata hamsini. Kila koa ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike, hivyo kila mmoja anayekomaa hutaga, na anayeharibu mayai huokoa mboga nyingi kuliko anayekimbizana na makoa wakubwa. Isitoshe, kuku wengi huwakwepa wakubwa. Ute mzito hunata mdomoni, na utamwona kuku akidonoa mara moja, akijifuta mdomo ardhini, kisha akienda zake. Wale wadogo wa kijivu, wa sentimita 3 hadi 5, huliwa bila shida. Bata hula wakubwa pia na ni mwindaji hodari kuliko kuku, ila naye huuawa na sumu zilezile.

Kwa hiyo mpango wowote unapaswa kujibu maswali matatu. Sumu au chambo kitafikiwa na kuku? Koa aliyekufa ataishia wapi? Na kinyesi cha kuku kinaangukia wapi? Swali la tatu husahaulika, ilhali ndilo linaloeleza kwa nini makoa huwaletea kuku minyoo.

Minyoo hutoka kwa nani

Koa hazaliwi na minyoo ya kuku. Huipata kwa kula kinyesi cha kuku au udongo uliochanganyika nacho. Tegu mdogo aitwaye Davainea proglottina, ambaye hata akikomaa hazidi milimita chache, anahitaji koa au konokono ili amalize mzunguko wake. Kuku mwenye tegu hutoa mayai kwenye kinyesi, koa hula kinyesi, ndani ya koa mayai hugeuka lava, yaani minyoo wachanga, kwa muda wa takriban wiki tatu hali ya hewa ikiwa na joto, kisha kuku mwingine humla koa huyo. Baada ya wiki mbili hivi kuku huyo naye anaanza kumwaga mayai ya tegu. Udogo wa tegu huyu haumaanishi kwamba hana madhara. Hujichimbia kwenye ukuta wa sehemu ya mwanzo ya utumbo, na kuku aliyeshambuliwa na wengi hukonda, manyoya yakasimama, kinyesi kikawa na ute na pengine damu. Ukikagua kinyesi kwa macho matupu hutamwona.

Mnyoo wa pili ni Syngamus trachea, mnyoo mwekundu wa koromeo. Dume na jike hushikamana maisha yao yote na kuonekana kama herufi Y. Huyu anaweza kumwingia kuku moja kwa moja kutoka ardhini, lakini lava wake pia hujihifadhi ndani ya nyungunyungu, konokono na makoa, na huko huishi muda mrefu, hata zaidi ya mwaka. Vifaranga ndio huumia zaidi kwa sababu koromeo lao ni jembamba: hunyoosha shingo, hufungua mdomo kutafuta hewa, hukohoa na kutikisa kichwa. Ndege wa porini nao huleta mnyoo huyu, kwa hiyo hata kuku ambao hawajawahi kuchanganyika na wengine hawako salama kabisa.

Basi ukiwa na kundi dogo lisilo na minyoo, makoa wachache wanaookotwa hapa na pale si jambo la kupigia kelele. Hatari hukua pale kuku wanapokaa kwenye eneo moja dogo lenye unyevu mwaka mzima, kinyesi kikarundikana, makoa wakakila, nao wakaliwa. Kosa baya zaidi ni kukusanya makoa ndoo nzima usiku na kuwamwagia kuku asubuhi kama chakula cha bure. Kwa kufanya hivyo unakusanya lava waliotawanyika eneo lote na kuwalisha kwa mkupuo mmoja.

Peleka sampuli ya kinyesi kwa daktari wa mifugo ipimwe kila baada ya miezi mitatu au minne kama eneo lako lina makoa wengi. Dawa ichaguliwe kwa kufuata kilichoonekana, kwa kuwa dawa inayoua minyoo duara si lazima iue tegu kwa kipimo kilekile. Uliza pia siku ngapi mayai hayatakiwi kuliwa baada ya dawa. Vifaranga wa chini ya miezi miwili wasiingizwe kabisa kwenye eneo lenye makoa.

Punje za sumu: jina lililo kwenye lebo ndilo linaloamua

Chambo cha makoa karibu chote hutengenezwa kwa nafaka. Kwa kuku ni chakula kilichomwagwa chini. Watengenezaji wengine huongeza kitu kichungu ili mtoto au mbwa ateme, lakini kuku hatafuni: anadonoa na kumeza, punje inashuka gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Usitegemee uchungu. Usitegemee rangi pia, kwa sababu bluu hutumika kwenye sumu za aina tofauti. Geuza pakiti usome jina la kiambato.

Metaldehaidi ndiyo ya kwanza kuikataa. Hushambulia mfumo wa neva, na haina dawa ya kuitengua. Ina ubaya mwingine ambao watu hawaufikirii: koa aliyeila hubaki juu ya udongo, amelegea, anatoa ute mwingi mchana kweupe, na tumboni bado ana chambo. Huyo ndiye koa pekee ambaye kuku hana haja ya kumtafuta. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake ya nje kuanzia mwisho wa Machi 2022 kwa sababu ya hatari kwa ndege na wanyama wengine. Nchi nyingine bado inauzwa kwa uhuru, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu.

Methiokabu, sumu ya kundi la kabameti, ni hatari zaidi kwa ndege. Umoja wa Ulaya uliondoa idhini ya kuitumia kama chambo cha makoa mwaka 2014. Ukikuta pakiti kuukuu stoo, usiimwage bustanini ili “isiharibike bure”. Ipeleke panapopokelewa taka za sumu.

Fosfati ya chuma ndiyo inayofaa pale ambapo chambo hakiepukiki. Koa akiila huacha kula karibu mara moja, hujificha ardhini na kufa ndani ya siku tatu hadi sita. Watu wengi huilaumu kwamba haifanyi kazi kwa sababu asubuhi hawaoni maiti. Angalia majani mapya, usitafute makoa waliokufa. Kitu kinachofanya chuma hicho kiingie mwilini mwa koa ni kisaidizi, mara nyingi EDTA, kemikali inayoshika chuma na kukiyeyusha, kwa kuwa fosfati ya chuma yenyewe haiyeyuki kirahisi. Ipo pia bidhaa ambayo kiambato chake ni EDTA ya chuma na sodiamu. Majina yanafanana lakini hii ina nguvu zaidi, na palipo na kuku chagua fosfati. Epuka vilevile pakiti inayochanganya fosfati na dawa ya wadudu.

Kipimo ndicho kinachotenganisha usalama na ajali. Bidhaa nyingi za asilimia 1 huelekeza takriban gramu 5 kwa mita moja ya mraba. Katika gramu hizo 5 fosfati yenyewe ni miligramu 50 tu, na imetawanyika punje mojamoja. Pakiti ya gramu 500 iliyoachwa wazi karibu na banda ina gramu 5 za fosfati mahali pamoja, na chuma kikizidi mwilini ni sumu kwa mnyama yeyote. Kwa hiyo kinachotisha zaidi ni pakiti iliyopasuka stoo au lundo lililomwagwa kwa konzi pembeni mwa tuta. Bidhaa za asilimia 3 hutumika kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo usihamishe kipimo cha pakiti moja kwenda nyingine. Kurundika punje hakuongezi vifo vya makoa, maana mmoja huhitaji kula kidogo tu.

Hata fosfati iwekwe mahali ambapo kuku hawafiki. Njia rahisi ni bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 40. Weka chambo katikati, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, lilaze kando ya tuta upande wenye kivuli na ulishikilie kwa vigingi viwili ili kuku wasilibingirishe. Bomba la kipenyo kikubwa au fupi zaidi halifai, kichwa cha kuku kinaingia na shingo yake ni ndefu kuliko inavyoonekana. Kagua kila siku mbili na utoe chambo kilichoota ukungu.

Minyoo wanaoua makoa

Kuna minyoo wadogo sana wa udongoni, Phasmarhabditis hermaphrodita, wanaouzwa kama unga unaochanganywa na maji. Huingia mwilini mwa koa wakiwa na bakteria, koa huvimba mgongoni, huacha kula ndani ya siku chache, na kufa chini ya ardhi. Hawamdhuru kuku, mbwa wala nyungunyungu. Kama nchi yako inaruhusu kuuzwa kwao, ndiyo njia bora kuliko zote kwa ua wenye kuku, na inastahili gharama yake.

Wanaoshindwa nao huwa wamekosea jambo mojawapo kati ya haya. Pakiti imekaa nje ya friji hadi minyoo wamekufa. Udongo ulikuwa mkavu au chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, au kinyume chake umechomwa na jua hadi ukapata joto kali. Au mchanganyiko umeachwa kwenye ndoo bila kukorogwa, minyoo wakatuama chini, nusu ya kwanza ya bustani ikapata maji matupu. Kipimo cha kawaida ni minyoo 300,000 kwa mita ya mraba. Mwagilia udongo kwanza, tumia kopo la kumwagilia lenye matundu makubwa, fanya kazi jioni, koroga kila unapojaza, na udongo usikauke kwa wiki mbili zinazofuata. Ulinzi hudumu wiki sita hivi. Wazuie kuku wasichakure tuta hilo katika muda huo, wakifukua udongo huukausha na minyoo hufa.

Mitego

Laza ubao, kigae au kipande cha zulia kuukuu kwenye udongo wenye unyevu jioni. Asubuhi mapema kigeuze. Hapa ndipo unapoweza kumpa kuku nafasi yake, kwa mpangilio: geuza mbao mbele ya kuku wawili watatu waliokomaa na waliopimwa minyoo, wale wanachokikuta, basi. Asiyetaka hatari hiyo awatie makoa kwenye ndoo ya maji ya moto yenye sabuni, kisha awafukie. Waliotoka kwenye sabuni wasipewe kuku. Vaa glavu au tumia koleo, kwa kuwa makoa wa maeneo mengi hubeba vimelea vinavyoweza kumdhuru binadamu, na ute wao ni mgumu kutoka kwa maji peke yake.

Mtego wa chachu huvuta makoa kuliko ubao. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, vikombe viwili vya maji ya vuguvugu na hamira vijiko vinne vya chai, acha uumuke saa moja, kisha gawanya kwenye vikopo. Fukia kikopo hadi mdomo wake ubaki sentimita 2 juu ya udongo. Ukiusawazisha na ardhi, wadudu wanaokula makoa nao watatumbukia. Badilisha kila baada ya siku tatu au nne. Kikopo kifunikwe kwa wavu uliokazwa wenye nafasi za sentimita 2, kwa sababu kuku hupenda donge hilo, nalo huendelea kuumuka ndani ya gole na kutengeneza pombe. Bia hufanya kazi ileile na ina kasoro ileile.

Tiba za nyumbani zinazomgeukia kuku

Chumvi huua koa anayenyunyiziwa, lakini hubaki kwenye udongo, huua mimea, na kuku huathirika na chumvi upesi. Makapi ya kahawa yana kafeini, ambayo ni sumu kwa kuku, na kuku akichakura tuta lenye matandazo ya kahawa atameza. Vumbi la diatomu (unga wa mabaki ya mwani wadogo sana) na majivu hufanya kazi yakiwa makavu tu. Koa hutembea usiku wenye umande, hivyo vumbi limeshalowa analipitia. Lakini mchana, likikauka, kuku hulioga na kulivuta mapafuni.

Maganda ya mayai ndiyo yanayopendwa zaidi na wafugaji, maana yapo kila siku. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, ililijaribu hili mwaka 2018 kwa saladi 108, ikilinganisha maganda ya mayai, mkanda wa shaba, changarawe, magome na vidonge vya sufu na mimea isiyozungushiwa kitu. Hakuna kizuizi kilichopunguza uharibifu kwa kiasi cha maana. Maganda yakaushe, yaponde hadi yasifanane na yai, na uwarudishie kuku kama chanzo cha kalisi. Huko yana kazi.

Kupanga ua na ratiba

Jambo lisilogharimu kitu na linalopunguza makoa kuliko wengi wanavyoamini ni kumwagilia asubuhi badala ya jioni. Ukimwagilia jioni unamwandalia koa ardhi yenye utelezi usiku kucha. Asubuhi, uso wa udongo hukauka kabla hajatoka, naye hutumia ute mwingi kusafiri na hufika mbali kidogo tu. Ondoa pia nyasi ndefu, matofali na vyungu vitupu ndani ya mita moja kutoka kwenye matuta ya miche. Miche ikuzwe juu ya meza hadi iwe na majani manne au matano, ndipo ihamishwe.

Banda lenyewe lisiwe kitalu cha makoa. Chakula kilichomwagika na kulowa huwavuta, na kinyesi cha kuku kiko papo hapo. Ninginiza chombo cha chakula kwenye usawa wa mgongo wa kuku, kiingize ndani usiku, na chini ya chombo cha maji weka changarawe inayopitisha maji. Mbao za kichanja zikwanguliwe kila siku au kila baada ya siku mbili.

Kuhusu kuwaingiza kuku bustanini, wakati mwafaka ni baada ya kuvuna, tuta likiwa tupu. Fukua kwa uma sentimita 5 hadi 10, waache wachakure saa moja au mbili alasiri, rudia siku tatu nne mfululizo kwa sababu kila ufukuaji huleta mayai mengine juu. Hapa kuna mgongano usiokwepeka: kuku akichakura hunya, na kinyesi kibichi kina bakteria kama Salmonella. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno kwa mboga inayogusa udongo, na siku 90 kwa isiyogusa. Saladi huvunwa kwa siku 60 au chini. Maana yake ni kwamba tuta lililopitiwa na kuku leo halifai kwa saladi au karoti msimu huu. Panda huko mahindi au nyanya za kuegemezwa, na uihamishie saladi kwenye tuta ambalo kuku hawajaingia.

Njia inayokwepa mgongano huo ni ukanda wa kuku unaoizunguka bustani: nyua mbili za waya, kimo mita 1.2 hadi 1.5, zikiacha njia ya upana wa mita 1 hadi 2 katikati. Kuku huishi kwenye njia hiyo mchana. Makoa bado wataivuka usiku, hakuna waya unaowazuia, lakini pembe zote za bustani hukosa majani, mayai na maficho, na wengi wa wanaosalia ni wale waliomo ndani tayari, ambao mitego inawatosha. Kwa ajili ya minyoo, gawanya ukanda huo vipande viwili au vitatu na upumzishe kimoja kwa miezi kadhaa. Kuacha kila kipande wazi muda wote huurudisha mzunguko wa tegu palepale ulipokuwa.

Kuku akila sumu

Dalili za metaldehaidi huanza ndani ya saa chache: kuhangaika, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuhema kwa nguvu, kuhara, kisha kuanguka. Methiokabu huleta udenda, machozi na udhaifu wa miguu, na huenda haraka zaidi. Mweke kuku kwenye boksi lenye giza na utulivu, mbali na joto, na umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti yenyewe, kwa sababu matibabu ya sumu moja si ya nyingine. Kabla gole halijamwaga chakula tumboni, daktari anaweza kulisafisha. Usijaribu kumning’iniza kichwa chini ili atapike, kinachotoka gole kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Usimnyweshe maziwa wala mafuta.

Wengine wote watolewe eneo hilo wakati huohuo, hata wanaoonekana wazima. Okota punje na makoa waliokufa kwa glavu, kisha kwangua udongo wa juu sentimita 2 au 3 mahali punje zilipolowa na kusambaratika. Mayai na nyama ya kundi zima visiliwe hadi daktari aliyeiona lebo aseme ni siku ngapi.